Halloween ya chekechea: boga linatosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na walimu wa chekechea ambao, kila inapokaribia Halloween, sikukuu ya mizimu na vinyago ya Oktoba 31, hujaza ukuta popo wa karatasi na utando wa buibui wa dukani, kisha wakaliita hilo somo. Mtoto wa miaka minne hulizoea pambo mara moja. Kitu cha Halloween chenye kazi halisi kwa mikono yake ni boga. (Ireland walichonga taa za sikukuu hii kwenye tanipu, mboga ya mzizi; wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga, kubwa na rahisi zaidi kuchonga.)

Boga moja linatosha wiki nzima. Kabla ya kulipasua, liwekeni majini. Watoto wengi watabashiri kwamba litazama kwa kuwa ni zito, nalo litaelea, maana ndani lina uwazi wenye hewa. Beseni liwe na kina: boga likigusa chini, darasa zima litaamini limezama.

Mwalimu akate kifuniko mwenyewe, watoto wachote mbegu. Anayechukizwa na utelezi ule asilazimishwe. Apewe kijiko kirefu. Osheni mbegu na kuzianika usiku kucha juu ya kitambaa, kwani kwenye karatasi hunata.

Kuhesabu ndiko kwenye utajiri wote. Mtazame mtoto kidole: mdomo umeshafika saba, kidole kingali kwenye mbegu ya tano. Huyo anajua wimbo wa namba, kuhesabu bado. Kumkosoa hakumsaidii. Mpe sahani mbili, na kila anapotamka namba ahamishe mbegu moja. Akishazoea, kata trei ya mayai ibaki na vishimo kumi, vitano juu na vitano chini. Akijaza safu ya juu na kuongeza mbili, taratibu ataanza kuiona saba bila kurudi kwenye moja. Aanze na mbegu tano. Ukimwagia ishirini atazichezea tu. Walio chini ya miaka minne wasipewe mbegu kabisa, kwa sababu zinaweza kuwapalia. Wape vipande vya mbao visivyoweza kuingia mdomoni.

Boga tupu ni chungu kizuri cha povu. Weka ndani kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda na tone la sabuni ya maji. Povu hupanda siki inapomiminwa juu yake, na kiasi hicho humaliza takribani mililita 200 za siki. Kosa la kawaida ni kumimina siki yote kwa mkupuo, na shughuli inaisha kabla walio nyuma hawajaona. Wape sirinji zisizo na sindano, zielekezwe chini, maana siki inawasha macho. Povu likikoma na unga mweupe ungalipo chini hata baada ya kukoroga, waulize: kimeisha nini?

Kipande kimoja kiwekeni na udongo mbichi ndani ya chombo kinachoonyesha, chenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo na kuzibwa kwa pamba. Watoto wakichore kila baada ya siku mbili au tatu, ukungu unavyoenea. Kisifunguliwe, hasa kama darasani kuna mwenye pumu. Mwishoni kitupwe kizima.

Zile taa ndogo za plastiki zilizoigwa mshumaa, za kuweka ndani ya boga, ndizo zinazonitia hofu kuliko mizimu yote. Nyingi hutumia betri bapa ya mviringo mithili ya kifungo. Ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Mtoto asitapishwe, akimbizwe hospitali hata kama hana dalili. Nunueni taa ambayo kasha la betri limefungwa kwa skrubu, au tumieni tochi ya kawaida.

Vinyago vya kufunika uso viacheni. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukuona ukikivaa na bado akalia, kwa sababu kwake uso ukibadilika, mtu naye amebadilika. Kinyago cha kushika kwa kijiti kinafaa zaidi, na akishike mwenyewe, akiondoe anapotaka.

Wapo wazazi wasioitaka sikukuu hii, na ni haki yao. Wapelekeeni barua wiki moja kabla, ikitaja shughuli zenyewe: kuelea, kuhesabu, povu, kuoza. Mzazi akiona hakuna jini wala mzimu, atachagua akijua anachagua nini.

Mwalimu wa chekechea