Msipime biashara za wanawake wote kwa kibaba kimoja

Ndugu Mhariri,

Kurasa za biashara za magazeti yetu zina mwanamke mmoja tu wa mfano. Anaamka saa kumi alfajiri, ana maduka matatu, hakosi kikao, na mwakani anafungua tawi Kahama. Hatuna ugomvi naye. Tunaandika kwa ajili ya mwenzake ambaye mkufunzi wa ujasiriamali humwandika "hana nidhamu", kikundi chake cha kuweka na kukopa humtoza faini kila wiki, na mawifi husema ana kichwa cha kuku. Huyu ni mwanamke mwenye usonji (autism), ambaye kelele na mazungumzo ya watu humchosha kuliko wengine, au mwenye ile hali inayoitwa ADHD ambapo umakini na muda havishikiki, au mwenye disleksia na diskalkulia, herufi na tarakimu zikimcheza machoni.

Wengi wao hawajui wana nini, na sababu ipo. Daktari Leo Kanner alipouelezea usonji mwaka 1943 alikuwa na watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Picha ya mvulana imebaki vichwani mwa watu hadi leo. Msichana hujifunza mapema kuiga wenzake: anacheka wanapocheka, anamtazama mtu usoni hata kama kunamchosha, anajiandika kiganjani kwa peni asije akasahau. Hakuna anayemshtukia hadi siku anaposhika mtaji wa watu.

Sasa tulitazame ziwa letu la Viktoria. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukipevuka taa haivuti kitu, basi mitumbwi hupumzika siku kadhaa, watu wakashona nyavu na kulala. Hajatokea mtu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba akamwita mvuvi mvivu kwa kulala mbalamwezi. Lakini mwanamke mwenye ADHD, anayeweza kumaliza kazi ya wiki ndani ya siku tatu kisha akazimika siku mbili, anaambiwa biashara haimfai. Ushauri wetu kwake ni wa wazi: apange biashara kwa giza, yaani kipindi cha uvuvi kati ya mbalamwezi moja na nyingine, si kwa siku. Malengo ya kila siku humvunja moyo kila siku. Lengo la giza moja lina nafasi ya siku mbovu ndani yake, na mzigo wenyewe hufuata mzunguko huohuo.

Tuchukue dagaa wa kukaanga wa pakiti, kwa kuwa ndiyo biashara tunayoiona zaidi. Tuseme kilo 10 za dagaa wakavu, mafuta, mkaa, mifuko na nauli jumla ni shilingi 150,000. Akishatoa vichwa na mchanga atabaki na kama kilo saba na nusu, yaani pakiti 75 za gramu 100. Kila pakiti imekula shilingi 2,000. Auze 3,000. Hesabu hiyo ifanyike mara moja tu, siku ya kufunga pakiti, akiwa na mtu wa kumhakikishia, kisha isirudiwe tena sokoni. Wenye diskalkulia huanguka pale mteja anapopanga foleni na chenji inasubiriwa, wala hawaanguki kwa kukosa akili ya biashara. Bei ya 3,000 inasaidia: anayetoa noti ya 5,000 anarudishiwa noti moja ya 2,000, na anayetoa 10,000 anarudishiwa ya 5,000 na ya 2,000. Mistari hiyo miwili ichorwe kwenye boksi na kutundikwa mezani, usawa wa macho. Bei ikibandikwa, na maneno ya kubembelezana yanapungua, jambo ambalo kwa mwenye usonji ni nusu ya uchovu wa siku.

Daftari la mauzo lisilazimishwe. Vizibo vya soda vinatosha. Anaweka vizibo 75 kwenye kopo la kwanza, pakiti moja ikitoka anahamisha kizibo kimoja kwenda kopo la pili. Jioni anahesabu vizibo vya kopo la pili na kuzidisha kwa 3,000 kwenye simu. Fedha na vizibo visipolingana, kosa ni la leo na linaweza kutafutwa leo. Kisha fedha inagawanywa kwenye makopo matatu ya rangi tofauti: katika kila 3,000, shilingi 2,000 zinaingia jekundu la mtaji, 500 zinaingia la bluu la ujira wake, 500 zinaingia jeupe la dharura. Laini ya simu ya biashara iwe peke yake. Tunasisitiza hapa kwa sababu mahali mtaji unapofia ni papa hapa: fedha zote zikikaa kwenye mkoba mmoja, macho huona fedha nyingi, na ubongo wenye haraka hununua kabla haujauliza ni za nani.

Kwenye kukaanga, hatari ni mbili. Ya kwanza ni kusahau karai na kuondoka. Kiti kiwekwe jikoni, simu iwekwe alamu ya kila dakika nne, na simu yenyewe ikae upande wa pili wa chumba ili lazima ainuke kuizima. Ya pili ni kutaka kumaliza mzigo wote kwa pupa. Nusu kilo kwa mkupuo, basi, ambayo ni mikupuo 15 kwa mzigo huo. Karai likijazwa, joto la mafuta linashuka, dagaa wanayanywa badala ya kukaangika, na baada ya wiki pakiti inanuka mafuta yaliyochacha. Wakitoka wachujwe na wapoe kabisa. Wakifungwa vuguvugu, jasho linaganda ndani ya mfuko, wanalegea, kisha ukungu. Anayekausha mwenyewe atumie chanja iliyoinuliwa, siyo mchanga wala mwamba mtupu, na ajue kwamba kilo nne za wabichi zitampa kilo moja na ushee. Turubai likae limefungwa kwenye chanja hiyohiyo upande mmoja, maana mvua ya ziwa haipigi hodi, na mtu anayesahau hatakumbuka turubai lililoko stoo.

Kuhusu muda, kanuni yetu ni hii. Apime kwa saa mara tatu safari ya kutoka nyumbani hadi mezani kwake, achukue ile ndefu kuliko zote, aongeze nusu yake. Kama ndefu ilikuwa dakika 40, ahesabu saa nzima. Halafu aweke alamu mbili: moja ya kuanza kufunga mizigo, nyingine ya kutoka mlangoni. Alamu moja haitoshi kwa sababu husema "muda umefika" wakati mizigo bado imetawanyika sakafuni.

Kelele ni somo la peke yake. Mnada wa alfajiri Mwaloni, na harufu, na bodaboda, na watu kugusana mabega, vinaweza kummaliza mwenye usonji kabla hajanunua hata kilo moja. Hapungukiwi kitu akiwa na muuzaji mmoja wa kudumu, akaagiza kwa ujumbe wenye maneno yaleyale kila mara (aina, kilo, siku, bei) na akafuata mzigo saa nne watu wakishapungua. Na jicho lake lina thamani yake. Mmarekani Temple Grandin, mwenye usonji, alijenga kampuni yake kwa kubuni njia za kupitishia ng'ombe, akiona vitu wengine wasivyoviona: kivuli sakafuni, mnyororo unaoning'inia, vitu vinavyomfanya ng'ombe agome. Wafugaji wa Usukuma hawahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Jicho la aina hiyo likikaa kwenye uchambuzi wa dagaa, punje ya mchanga haipiti.

Jambo linaloangusha wengi wenye ADHD ni wazo jipya. Pakiti hazijazoeleka dukani, usiku wa manane limekuja wazo la sabuni, kesho la batiki, na mtaji wa dagaa umeshanunua rangi. Wazo liandikwe au lirekodiwe kwa sauti, lisubiri giza zima lipite. Likibaki tamu baada ya hapo, lijaribiwe kwa fedha ya kopo jeupe tu.

Haraka hiyohiyo ndiyo chakula cha mikopo ya kausha damu. Kabla ya kuweka sahihi zipite siku tatu, na mtu amsomee mkataba kwa sauti. Atafute namba tatu: anachopokea mkononi, anachorejesha kila mara, na mara ngapi. Ukipokea 200,000 ukarejesha 10,000 kila siku kwa siku 30, umelipa 300,000. Ikielezwa hivyo, wengi huinuka wakaondoka.

Vikundi navyo vina la kufanya. Faini ya kuchelewa haijawahi kumpa mtu saa kichwani. Ruhusuni hisa itumwe kwa simu kabla ya kikao, ajenda itumwe kwa sauti jana yake, mtu akae kiti kilekile, na mihuri ya hisa itumike kwenye vitabu badala ya maandishi marefu. Sanduku la fedha la funguo tatu libaki kama lilivyo.

Na halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuishia kwenye viungo vinavyoonekana, lakini kwenye meza ya mikopo mwanamke huyu anaulizwa, "Mbona miguu yako mizima?" Maofisa maendeleo ya jamii waelekezwe kuhusu hali hizi, na anayetaka uchunguzi aelekezwe idara ya magonjwa ya akili, Hospitali ya Bugando, bila kunyanyapaliwa. Asiyetaka asilazimishwe, vizibo na makopo havidai cheti.

Kwako Mhariri tuna ombi moja. Mwandishi wako akimhoji mfanyabiashara, asianze na idadi ya matawi. Amuulize alipanga nini. Akijibu kwamba alipanga pakiti 300 kwa giza moja, kodi ya chumba imelipwa, hadaiwi, na siku za mbalamwezi halali na mawazo wala hagongewi mlango, liandikwe hivyohivyo, na picha yake iwekwe ukurasa uleule.

Wenu,
Wakufunzi wa vikundi vya wanawake,
Ilemela, Mwanza