Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Ada na mahudhurio yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, sitayarudia. Nitabaki na somo letu la mwaka, yaani kazi ya Dkt. Sara Josephine Baker wa New York.

Alizaliwa Poughkeepsie mwaka 1873. Akiwa na miaka 16, baba yake alifariki kwa homa ya matumbo. Alihitimu udaktari mwaka 1898, na baadaye akaajiriwa na idara ya afya ya jiji akiwa mkaguzi. Wengi humkumbuka kwa kumkamata mpishi Mary Mallon mwaka 1907, aliyeambukiza homa hiyo bila yeye mwenyewe kuugua. Kisa kitamu, ila kwa maoni yangu kimekula muda mwingi mno wa vikao vyetu.

La kujifunza ni kiangazi cha 1908. Joto likipanda, vichanga walikufa kwa kuhara. Baker alichagua eneo moja lenye msongamano Lower East Side, mtaa wa New York, akawachukua manesi wa shule waliokuwa likizo. Kila siku walipata majina ya watoto waliozaliwa kutoka kwa msajili, na kesho yake nesi alikuwa mlangoni. Hakubeba dawa. Alimweleza mama amnyonyeshe mtoto, amwogeshe kila siku, afungue madirisha na amvue mavazi mazito. Kiangazi kilipokwisha, vifo katika eneo hilo vilikuwa vimepungua kwa 1,200 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Siri ni kwamba nesi aliingia mtoto akiwa bado mzima; anayengoja choo kilegee amekwishachelewa. Mwaka huohuo jiji likaanzisha ofisi ya afya ya watoto, Baker akiwa mkuu wake.

Jambo la pili ni dogo kwa umbo. Watoto wa mama wenye kisonono walipofuka kwa maambukizi waliyopata wakati wa kuzaliwa. Kinga ilikuwepo: tone la nitrati ya fedha ya asilimia 1 katika kila jicho. Tatizo lilikuwa chupa. Ikifunguliwa mara kwa mara huingia uchafu, na maji yakikauka dawa hukolea hadi kuliunguza jicho lilelile inalopaswa kulilinda. Baker alitengenezesha vifuko vidogo vya nta ya nyuki vilivyofungwa, kila kimoja na dawa ya jicho moja tu. Mkunga alitumia viwili, basi. Hapakuwa na kipimo cha kukosea wala chupa ya kuchafuka.

Upinzani haukukosekana. Madaktari sita wanaume waliopangwa chini yake walitaka kujiuzulu; aliwaomba wajaribu mwezi mmoja, wakabaki. Madaktari wa Brooklyn walimwandikia meya ofisi ifungwe kwa kuwa watoto wazima waliwapunguzia wagonjwa. Chuo kikuu kilipomwalika afundishe, aliomba naye asajiliwe kusoma; kikakataa kwa kuwa ni mwanamke, naye alikataa kufundisha hadi kilipokubali. Mwaka 1917 akapata shahada ya udaktari wa afya ya jamii. Alistaafu mwaka 1923.

Kwa kikao kijacho, kila tawi lilete orodha ya dawa za matone na za kunywa ambazo bado zinagawanywa kutoka chupa kubwa, likieleza chupa hukaa wazi siku ngapi na nani huandika tarehe ya kufunguliwa. Tutaanza na zile za vichanga.

Mwenyekiti