Simu haioni Wi-Fi ya nyumbani? Usiikimbize kwa fundi

Wiki iliyopita mteja aliibwaga Redmi A2 juu ya kaunta, duka limejaa watu. "Mmeniuzia feki. Simu ya mke wangu inashika Wi-Fi, hii haioni kitu!" Nikawasha hotspoti ya simu yangu, ikashika papo hapo. Nikamuuliza Wi-Fi ya kwake inaitwaje. Jina liliishia na "5G".

Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Hiyo 5G ya rauta si 5G ya laini. Ni masafa ya gigahezi 5. Rauta nyingi za sasa zinarusha masafa mawili, 2.4 na 5. Redmi A2 inashika 2.4 tu, Samsung Galaxy A05 inashika yote mawili. Rauta ya mteja wangu ilikuwa imezimwa 2.4.

Je, uongeze hela uchukue A05? Ukikaa nyumba ya vyumba viwili, 2.4 inakutosha, tena ndiyo inayopenya kuta vizuri. Ukikaa ghorofani ambako kila jirani ana rauta yake, 2.4 inasongamana, ongeza tu. Bluetooth ni 5.0 kwa 5.3: kwa spika ya sebuleni hutaona tofauti, anayekuambia vingine anataka kuuza. Laini, zote zinaishia 4G. Chaji ndiyo ya kuangalia: A2 bado ni micro-USB, ile ya kuchomeka upande mmoja, na watoto wakiilazimisha usiku gizani tunakuja kubadilisha sistimu ya chaji. A05 ni Type-C, inaingia upande wowote.

Mnasema bei zetu ziko juu. Dada mmoja mwenye tatizo hilihili la Wi-Fi aliona aende kwanza kwa fundi wa barazani "akaiflashi", yaani akapakia programu ya simu upya, kwa bei ya soda mbili tatu. Ikarudi bila IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu. Ukipiga *#06#, patupu. Laini zote mbili hazisomi. Akataka tumbandikie IMEI nyingine. Hatufanyi, ni kosa kisheria, na tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima simu feki Juni 2016 hakuna asiyejua. Waranti ikawa imekufa, na wezi tukawa sisi.

Njoo na picha ya kibandiko cha chini ya rauta yako kabla hujalipia simu, tuone inarusha masafa gani. Kuangalia ni bure.

Yule wa kwanza alifika nyumbani, akawasha 2.4, akatuma meseji moja: "Imeshika." Samahani bado tunaisubiri.