Mnyororo uliokata kona

Morogoro, Jumapili jioni

Kwako Zuhura,

Habari za Tanga? Sisi huku hatujambo, ila vumbi limetuzidi. Nimeona nikuandikie kwenye karatasi kwa sababu michoro yako ya molekuli uliyonitumia kwa simu imefika imevurugika, namba huku, matawi kule, na kaboni moja inaelea peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nianze na lililokuuma. Kwenye zoezi la kuzipa majina molekuli za kaboni na haidrojeni umeandika 2-ethilibutani ukakosa, na unalalamika kwamba atomu zote zimetimia: kaboni 6, haidrojeni 14. Ni kweli zimetimia, na mchoro wako hauna kasoro. Kosa liko kwenye jina. Chukua penseli sasa hivi. Chora kaboni nne kwa mstari, kisha kwenye ile ya pili ning'iniza nyingine mbili zinazofuatana kwenda chini, kama ulivyofanya. Weka ncha ya penseli kwenye kaboni ya chini kabisa ya lile tawi, panda hadi kwenye mstari, halafu kata kona uelekee upande wenye kaboni nyingi. Umezipita ngapi? Tano! Huo ndio mnyororo mkuu, na kaboni tano ni pentani. Iliyobaki nje ni moja tu, tawi la kaboni moja linaloitwa methili, nayo imeshika kaboni ya tatu. Kwa hiyo jina lake ni 3-methilipentani, uhesabu kutoka kulia au kushoto.

Najua utasema, "Lakini mnyororo si ule ulionyooka?" Mimi pia niliamini hivyo hadi kidato cha nne kikaisha. Ubao ndio uliotuponza. Kaboni ina mikono minne ya kushikia atomu nyingine, na katika methani, yenye kaboni moja tu, mikono hiyo haikai kama msalaba tunaouchora. Inatawanyika pande zote, kati ya mmoja na mwingine kuna nyuzi kama 109. Zikiunganishwa nyingi, hata ile tunayoiita iliyonyooka kwa kweli inakwenda kwa mapindo. Wanakemia waliokutana Geneva mwaka 1892 ndio waliokubaliana kuujenga mfumo wa majina juu ya mnyororo mrefu zaidi. Wewe nawe ufuate urefu, kona zisikutishe.

Namba sitaki zikupotezee muda: anzia upande ambao tawi liko karibu. Ukipata 4-methilipentani, ujue umeanza kuhesabu kwa mlango wa nyuma, ni 2-methilipentani.

Sasa la kukuchekesha. Ile miishio ya majina, ani, eni na aini, unayoichanganya ina asili ya chekechea. Mwaka 1866 Mjerumani mmoja, August Wilhelm Hofmann, alipendekeza majina yafuate irabu, a, e, i, o, u, kadiri haidrojeni zinavyopungua. Ethani ina haidrojeni 6, etheni 4, ethaini 2. Kaboni ni mbili zilezile. Haidrojeni zikiondoka, mikono iliyobaki wazi inashikana yenyewe kwa yenyewe, mara mbili kwenye etheni, mara tatu kwenye ethaini. Etheni ndiyo gesi inayotoka kwenye ndizi zikiiva, na ethaini ndiyo asetilini ya mafundi wa kuchomea vyuma.

Vianzio vinne vya mwanzo, meth, eth, prop na but, vikariri tu, maana havina hesabu ndani yake. But, kwa mfano, ilitokana na asidi ya siagi iliyochacha. Kuanzia pentani ndipo zinapoingia namba za kale, nyingi za Kigiriki, na huko utapumua.

Halafu nashangaa unavyosema somo hili liko mbali na wewe, na kutwa nzima unauza mitungi ya gesi! Ndani yake mna propani na butani. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo kwa joto la Tanga zote zingekuwa hewani, isipokuwa mgandamizo wa mtungi umezilazimisha kuwa majimaji. Ule mchakacho unaousikia ukiutikisa mtungi ndio huo. Kaboni zikiongezeka, kiwango cha kuchemka hupanda, ndiyo maana methani, yenye kaboni moja, inakuwa majimaji ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri.

Matawi nayo hufanya kinyume. Fomula yako ya C6H14 ina maumbo matano. Heksani isiyo na tawi huchemka kwenye nyuzi 69, lakini 2,2-dimethilibutani, yenye methili mbili kwenye kaboni ya pili na iliyojikunja kama mpira, huchemka kwenye 50. Molekuli ndefu hulaliana vizuri na kushikamana. Ya mviringo hugusana na wenzake padogo. Mtahini anapenda sana kuuliza hapo, na jibu ni hilo.

Karatasi inaisha. Nichoree 2,2,4-trimethilipentani. Hii ndiyo iliyopewa alama 100 kwenye kipimo cha ubora wa petroli kiitwacho oktani. Uihesabie haidrojeni zake, na kabla hujanirudishia hakikisha hakuna kaboni yenye mikono mitano, maana nakujua. Mpe kondakta wa basi la Ijumaa, nitampokea stendi.

Msalimie mama mkubwa, mwambie ule ukili nimeupata.

Wako,
Mwanahawa