Barua ya wazi kwa mdogo wangu: mtoto anaitwa Noa, si Noah

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na kwenye kundi la familia unasoma na kunyamaza, kwa hiyo nakuandikia hapa. Nimeiona picha ya cheti cha kuzaliwa cha binti yako. Kimeandikwa Noah, yenye h mwishoni. Fomu uliijaza kwa mkono wako, na mwandiko wako naujua.

Hiyo h inamgeuza mtoto kuwa mtu mwingine. Noah ndivyo Waingereza wanavyomwandika Nuhu, yule wa safina. Kwa Kiebrania jina lake lina herufi mbili tu, nuni na heti, na asili yake ni kupumzika, ingawa Mwanzo 5:29 inalihusisha na kufariji. Noa ni jina la mwanamke, binti anayetajwa katika kitabu cha Hesabu: nuni, ayini, he. Asili yake ni kusogea, kuyumba, kutikisika. Ndilo neno lililotumika katika Isaya 7:2 mioyo ya watu inapotikisika kama miti ya msituni kwa upepo. Waliokaa madrasa watanielewa haraka: Nuhu anaishia na ha ya kooni, Noa ana ain katikati. Ni sauti mbili tofauti na mizizi miwili tofauti. Maana zake karibu zipingane, mmoja ametulia na mwingine hatulii.

Kosa hili lilianzia kwa Waingereza. Biblia yao ya King James ya 1611 iliwaandika wote wawili Noah, mwenye safina na binti huyu, na ukiisoma hiyo peke yake utadhani wazazi walimpa binti jina la kiume. Sisi hatuna kisingizio hicho. Biblia ya Kiswahili tuliyosomewa na mama inamwita mmoja Nuhu na mwingine Noa, wala hawagongani popote.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Siku ya ubatizo, baada ya chakula, baba mdogo aliuliza mbele ya watu wote kama mtoto amepewa jina la gari la abiria. Akaongeza, "Mmenoa!" Watu wakacheka. Sikutegemea baba mdogo ajue Hesabu sura ya 27. Wewe unaijua. Ukacheka pamoja nao, ukasema, "Ni mambo ya dada hayo." Baba mdogo, kati ya watu wote! Mwanamume aliyesimama kwenye kikao cha matanga akasema baba yetu hakuacha mtu, kwa sababu aliacha sisi mabinti wawili.

Jina uliniomba wewe, nami nilikueleza kwa nini nalipenda. Selofehadi wa kabila la Manase alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Mabinti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walikwenda wenyewe hadi mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano mzima, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo kwa kukosa mwana. Musa hakuwa na jibu, akalipeleka shauri kwa Mungu. Jibu likawa kwamba mabinti wana haki, na sheria ikawekwa: mtu akifa bila mwana, urithi wake uende kwa binti yake. Kweli, sura ya 36 wazee wa ukoo walirudi na sharti kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Wazee wa ukoo ni walewale kila mahali. Lakini ardhi waliipata, Yoshua 17 inasema hivyo.

Tena Noa hakubaki kwenye maandiko tu. Mwaka 1910, wachimbaji wa mambo ya kale huko Samaria walifukua vigae vilivyoandikwa hesabu za divai na mafuta, vya karne ya 8 kabla ya Kristo. Kati ya maeneo yanayotajwa humo yamo Noa na Hogla. Mabinti walioombea jina la baba lisifutwe, yao yakawa majina ya nchi!

Umesema pia kwamba jina ni geni, litamtesa mtoto. Kule Israeli Noa lilikaa kileleni mwa majina ya wasichana miaka ya mwanzo ya 2000, na Noa Kirel aliimba Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, mwaka 2023 akashika nafasi ya tatu. Hispania na Uholanzi wasichana wengi wanaitwa hivyo. Noah ndiyo ya wavulana, na kule Marekani iliongoza kwao tangu 2013 hadi 2016. Ukiiacha h hiyo, kila karatasi atakayoipeleka nje wataisoma kama ya mvulana.

Fanya hivi mapema. Cheti cha ubatizo kiko sahihi, kimeandikwa Noa. Kichukue pamoja na kadi ya kliniki, nenda kwa wakili au hakimu uape kiapo cha majina, kisha uende ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti chenyewe uombe kirekebishwe. Usingoje aanze shule. Jina likishaingia kwenye usajili wa mitihani ya shule, vyeti vyote vinavyofuata vitalibeba, na akifika kitambulisho cha taifa atakuwa anahangaika na viapo vyake mwenyewe.

Najua umechoka. Wewe ndiye uliyemwogesha mama hadi mwisho, na hilo sitalisahau hata tukigombana namna gani. Lakini shamba la baba tunalilima leo kwa sababu tulisimama. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, ukoo ukampinga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Nilipokuwa nayasoma hayo usiku ili tuyaseme barazani, ulinishika mkono ukasema ukizaa binti utampa jina la mmoja wa wale watano. Hayo hayakuwa mambo ya dada. Yalikuwa yetu.

Cheti cha ubatizo kiko kwangu, nitakituma kwa basi la Ijumaa. Nauli ya kwenda wilayani nitakutumia kwenye simu. Ila baba mdogo sitamweleza mimi Noa ni nani. Utamweleza wewe, mbele ya wale wale waliocheka.

Dada yako