Paneli bila betri haziokoi samaki

Ndugu Mhariri,

Nauza samaki wa barafu kwenye jengo moja la ghorofa hapa Kirumba, si mbali na mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Mwaka jana mwenye jengo aliweka paneli za sola paa zima. Wapangaji tulifurahi, hata kodi ilipopanda hatukulalamika sana.

Kisha Jumamosi moja saa saba mchana, jua la utosi, umeme ukakatika. Mafriza yangu manne yakanyamaza yote. Nikatoka nje kutazama juu: paneli zinameremeta. Umeme ulirudi kesho yake alfajiri. Samaki walioganda tangu juzi walisalimika kwa sababu sikufungua mafriza. Sato niliowaingiza asubuhi ile, wabichi bado, ndio niliowapoteza. Nilipowatoa mashavu yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na macho yamezama.

Fundi alinieleza jambo ambalo ningependa kila mpangaji wa Mwanza alijue. Inveta tuliyofungiwa, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, inafuata umeme wa gridi, ule unaoletwa na nyaya za barabarani. Gridi ikizima, nayo inajizima, na imetengenezwa hivyo makusudi, maana umeme wa paa ukirudi kwenye nyaya za barabarani unaweza kumuua fundi aliyeko juu ya nguzo. Ili jengo liendelee kuwaka linahitaji betri, na inveta inayoweza kujitenga na gridi na kusimama yenyewe. Sisi tulifungiwa nusu ya mtambo tukaambiwa ni mtambo.

Najua jibu la wenye majengo: betri ni ghali. Ni kweli, lakini tupige hesabu. Mafriza yangu yote yanakula kama uniti 8 kwa siku. Kwa jua letu, kilowati 1 ya paneli inatoa uniti 4 hivi siku ya kawaida, kwa hiyo kilowati 3 zinanitosha mchana na zinabakiza cha kuchaji. Usiku nahitaji uniti kama 4, na betri ya uniti 6 inanifikisha asubuhi bila kukamuliwa hadi tone la mwisho. Siku za mvua za masika gridi itasaidia. Inveta tu isiwe ndogo, kwani friza linapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya linapokuwa linaendelea.

Wenye hoteli na viwanda vya samaki wana sababu nyingine. Bili ya mteja mkubwa haihesabu uniti peke yake, inahesabu pia kilele cha matumizi ya mwezi. Betri ikishika mzigo ile saa mashine zote zinapowaka pamoja, kilele hicho kinashuka.

Kinachoniuma zaidi ni namna betri zinavyouliwa. Nimeingia stoo ya jirani yangu, chini kabisa ya mabati, joto la kukausha dagaa, nikakuta betri za asidi nane zimevimba ubavuni na nguzo zake zina ukoga wa kijani. Betri ya namna hiyo haitaki chaji yake ishushwe chini ya nusu kila siku, na kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Zikifa, kuna wanaozipasua watoe madini ya risasi na kumwaga asidi mtaroni, na mitaro yetu inaishia ziwani. Za lithiamu ambazo mafundi huziita LFP zinavumilia kutumiwa asilimia 80 ya chaji na zaidi, kwa maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, ingawa nazo zinataka chumba chenye hewa na kivuli.

Kwa hiyo wanaochora majengo mapya hapa mjini waache chumba cha betri ghorofa ya chini, na watenge waya wa mafriza, taa na pampu ya maji mbali na waya wa viyoyozi na pasi. Kufanya hivyo ukuta haujapigwa plasta ni kazi ndogo. Na awepo wa kuosha paneli, maana korongo wa mwaloni wanatua humo kila jioni na uchafu wao unafifisha umeme.

Kwa jengo letu, mimi na wapangaji wenzangu watatu tumekubali kuchangia betri kupitia kodi kwa miaka miwili, mradi waya wa mafriza utenganishwe kwanza. Tumempelekea mwenye jengo kwa maandishi, tunangoja jibu lake.

Muuza samaki,
Kirumba, Mwanza