Kwa Baba Neema, baada ya kupunguzwa kazi

Magomeni, Bagamoyo

Ndugu yangu Baba Neema,

Bwana asifiwe. Poleni sana, wewe na Mama Neema. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema jina lako limo kwenye orodha ya waliopunguzwa, na umeazimia kufunga siku ishirini na moja na kumwachia Mungu yote. Funga, ndugu yangu. Ila zipo siku nyingine zinazohesabiwa ambazo hazisubiri mfungo, na nataka uzijue kabla hujaanza.

Kama kuachishwa kwako hakukufuata haki, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa, yana siku 60. Unajaza fomu namba moja, nakala unampa mwajiri, na unabaki na ushahidi kwamba ameipokea. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze kila siku iliyopotea ilipotelea wapi. Wengi wanakwama hapo, maana "nilikuwa kwenye maombi" haitoshi mezani pale. Kwa kupunguza watu, sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu nani apunguzwe na kwa vigezo gani. Jiulize kama hayo yalifanyika kwenu.

Najua utaniuliza kama kudai si kukosa imani. Soma Matendo 16. Paulo alipigwa viboko Filipi bila hukumu, usiku akaimba nyimbo za kumsifu Mungu gerezani, na asubuhi walipotaka kumtoa kimyakimya alikataa, akataka wakubwa waje wenyewe. Mtu yule yule aliimba usiku, na asubuhi akadai haki yake. Yakobo naye anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Mungu anajali mshahara wako kuliko unavyodhani. Pale 1 Wakorintho 6 Paulo anakemea ndugu kwa ndugu kushitakiana mbele ya wasioamini; ikiwa mwajiri wako ni msharika mwenzako, anza kwa wazee wa kanisa, lakini siku 30 zisikupite.

Sasa hesabu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni 520,000 kwa mwezi. Gawa kwa 4.333 upate wa wiki, 120,000. Mnafanya kazi siku sita, basi siku moja ni 20,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Miaka yako mitano inakupa 140,000 mara tano, yaani 700,000. Ongeza notisi ya siku 28, au malipo yake kama wamekutoa papo hapo. Ongeza likizo ambayo hukuchukua na siku ulizofanya kazi mwezi huu. Kama ulichukuliwa kutoka mahali pengine, kuna na usafiri wa kukurudisha wewe na mizigo yako. Na cheti cha utumishi udai, kwa sababu mwajiri mwingine atakiulizia.

Hapa nakusihi sana: usisaini karatasi yoyote inayosema umejiuzulu kwa hiari, hata wakikuambia ni utaratibu tu ili hela itoke haraka. Karatasi hiyo inaweza kukunyima kiinua mgongo na tena fao la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Fao la kukosa ajira lipo kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe: asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi, kwa miezi isiyozidi sita. Kwa mshahara tuliotumia hapo juu ni kama 173,000. Nenda NSSF na kitambulisho, barua ya kuachishwa na taarifa za benki, uanze kwa kuomba orodha ya michango yako. Linaloharibika mara nyingi ni kwamba makato yalikatwa na hayakupelekwa, na mtu anakuja kugundua siku anayohitaji hela.

Umesema unaogopa kuwaza ya kesho kwa sababu Bwana ametuambia tusisumbukie ya kesho. Ndiyo, Mathayo 6 iko pale. Lakini tazama jinsi Mungu alivyowalisha watu wake jangwani, Kutoka 16. Pishi moja kwa kila kichwa. Aliyelaza akiba hadi asubuhi, iliingia mabuu. Lakini siku ya sita waliagizwa waokote mara mbili na walaze, nayo haikuoza. Kuweka akiba, basi, kuna wakati ni utii. Tena mana haikuanguka ndani ya hema; ilikuwa nje, waliamka kuokota, na jua likiwa kali iliyeyuka. Kumtumaini Mungu katika kukosa kazi kuna sura hiyo hiyo: unaomba cha leo, unaamka kukiokota, na ulichopewa cha siku mbili hukitumii kwa siku moja.

Kwa hiyo hela ikitoka usiiguse kwa wiki mbili, isipokuwa chakula na kodi. Hapo ndipo fedha nyingi za kiinua mgongo hufia. Mtu hajawahi kuuza hata karanga, anafungua duka lenye rafu kamili. Au ananunua pikipiki na kumkabidhi kijana bila mkataba. Kwanza kaeni na Mama Neema na daftari. Andikeni kodi ya nyumba, chakula, maji, umeme, nauli za watoto, marejesho. Gawanyeni hela yote kwa miezi sita, si kwa miwili, kwani kazi mpya huchelewa kuliko matumaini yetu. Ninyi watano mnakula kama kilo moja na nusu ya unga kwa siku, kilo 45 kwa mwezi. Nunueni mahindi kwa debe mkasage dona: unga unakaribia uzito wa mahindi yenyewe, wakati sembe inaacha pumba mashineni. Mafuta ya kupima kila jioni huwa ghali kuliko dumu. Huko kwenu Tanga kuna neema yake pia, mihogo ipo, dagaa wapo, na machungwa ya Muheza yakiwa msimu ni rahisi.

Madeni usiyakimbie. Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na mdai anayekuja kuwachukua wanawe wawili, na Elisha alimuuliza kwanza una nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Akatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu, wala visiwe vichache, akafunga mlango akamimina. Mwisho akaambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Yote yamo humo: kutaja ulicho nacho, kuomba majirani, kufanya kazi, kulipa. Nenda benki kabla tarehe ya rejesho haijapita, na barua ya kuachishwa mkononi, uombe wapange upya marejesho. Uliza pia kama bima ya mkopo wako inagusa kupunguzwa kazi.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali ya mitaani, usiisogelee. Ukichukua 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kila mwezi ukaweza kulipa riba tu, miezi minne umetoa 240,000 na deni bado ni 200,000 nzima. Na mkopeshaji wa kwenye simu anayetaka ruhusa ya kuingia kwenye majina ya watu wako atawatumia ujumbe mchungaji na wakwe. Kama Mama Neema yuko kwenye kikoba, aulize mfuko wa jamii. Kwa kawaida huo ndio wa dharura kama hii. Na atakayekuomba hela ya fomu ili akuingize bandarini au kwenye bomba la mafuta Chongoleani ni tapeli, hata kama anasali kwenu.

Jambo la sadaka linaniuma zaidi, maana najua utafuatwa. Utaambiwa panda mbegu ya laki tatu, mlango ufunguke. Watakutajia mjane wa Sarepta aliyempa Eliya mkate kwanza. Waambie wasome hadi mwisho: Eliya alikula katika nyumba ile pamoja na mjane na jamaa yake siku nyingi, hakuondoka na pipa la unga. Kumbuka pia Marko 7, ambapo Yesu anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Fungu la kumi hutoka kwenye mapato. Mwezi usio na mapato huna deni kwa Mungu. Paulo ameandika kwamba, kama nia ipo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kiinua mgongo kikitoka, toeni mnachokubaliana wawili bila hofu. Siku huna kitu, ingia ibadani mikono mitupu na uimbe. Kuacha kanisa kwa aibu ya sahani ya sadaka ni hasara kubwa kuliko kukosa mshahara.

Usifiche. Mwambie mzee wa jumuiya yako kwa maneno ya wazi: nimepoteza kazi, kodi inaisha mwezi fulani, nina deni la kiasi fulani. "Niombeeni nina changamoto" haimsaidii mtu kukusaidia. Wafilipi walimtumia Paulo vitu kwa mkono wa Epafrodito, na ni baada ya kuvipokea ndipo aliandika kwamba Mungu atawajazia kila wanachokihitaji. Na majirani zako Waislamu pale Makorora wakikuletea chakula, pokea kwa shukrani. Sarepta ilikuwa nchi ya Sidoni. Mjane yule hakuwa Mwisraeli.

Kuna watakaokupiga na 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Mstari unamhusu asiyetaka, si aliyekosa. Wale wa Mathayo 20 waliokuwa wamesimama hadi saa kumi na moja walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri, na mwenye shamba hakuwatukana, aliwapa kazi na dinari nzima. Wengine watakusomea Zaburi 37, kwamba mwenye haki hakuonekana ameachwa, uanze kujiuliza umekosa nini. Soma pamoja na Lazaro wa Luka 16, aliyelala mlangoni ana njaa na vidonda, naye alikuwa wa Mungu. Umaskini wako hauthibitishi dhambi.

Katika maombi tumia Zaburi 13. Ni fupi, aya sita. Inaanza kwa kumuuliza Bwana hata lini, mara nne, ndipo inaomba, ndipo inatumaini. Usirukie mwisho. Sema "hata lini" kwa sauti, taja kodi, taja mdai kwa jina, kisha omba. Fanyeni wawili alfajiri, kabla ya kushika simu, halafu utoke ukatafute. Jumapili usitafute kazi, pumzika.

Sasa fanya hivi. Piga picha barua ya kuachishwa, mkataba, na hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho unitumie kabla ya Ijumaa, tuone kama siku zinatosha. Jumatatu asubuhi uwe CMA, ukitoka hapo NSSF. Mfungo wako anza Jumatatu hiyo hiyo. Nitafunga nawe wiki ya kwanza.

Msalimie sana Mama Neema na watoto.

Mimi ndugu yako katika Kristo,
Baba Upendo